Baba Wawili wa Ciakuthii

Wewe, ukisimamishwa leo na mtu usiyemjua, akakuambia uthibitishe kwamba mkeo ni mkeo, utatoa nini mfukoni?

Usikimbilie kujibu. Gikunda naye alidhani swali hilo ni jepesi. Alikuwa na cheti cha ndoa chenye muhuri wa serikali. Alikuwa na picha mia mbili na arobaini kwenye simu. Alikuwa na pete ambayo haivui hata anapoingiza mkono katika bomba la maji machafu, maana yeye ni fundi wa mabomba mjini Embu, na chumba chake kiko mtaa wa Dallas, orofa ya pili, juu ya kinyozi. Na bado, Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika saiba ya Cicily, chumba cha kompyuta za kukodi, akisoma barua ya ubalozi kwa mara ya tano, na kila alipoirudia alizidi kutojua yeye ni mume wa nani.

Cicily ndiye anayewajazia watu wa Embu fomu za viza. Ni mama wa makamo, miwani yake ameifunga kwa uzi shingoni, na amewapeleka watu mpaka Kanada bila yeye mwenyewe kuvuka Nairobi. Alimnyang'anya Gikunda barua, akaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Ubalozi umepata habari kwamba mwombaji ana mke mwingine, aitwaye Ciakuthii, binti wa Ndwiga, wa Manyatta. Mwombaji ana siku kumi na nne za kujieleza. Asipojieleza, ombi lake la kumfuata mkewe litakataliwa." Akaitazama tarehe. "Iliandikwa siku kumi zilizopita. Umebaki na nne."

"Najua."

"Gikunda, mimi si pasta. Niambie ukweli nijue pa kuanzia. Huyu Ciakuthii ni nani?"

"Ni Mareike."

"Sijakuuliza Mareike. Mareike namjua, nimemjaza kwenye fomu mpaka namba ya kiatu. Nimekuuliza Ciakuthii."

"Ndiyo nakujibu. Ciakuthii ni Mareike."

Cicily alivaa miwani, akaivua tena. "Basi ninyi," akasema, "mmejichanganya wenyewe, mkachanganya na Ulaya."

Sasa ngoja nikueleze jinsi walivyojichanganya, maana hakuna aliyedanganya hata neno moja, na hilo ndilo linalouma.

Mareike alikuja Embu kutoka Ulaya kupima maji ya chemchemi. Chuo kikuu kilimtafutia mahali pa kukaa Manyatta, kwa mzee Ndwiga, aliyekuwa karani wa kiwanda cha kahawa mpaka alipostaafu, mtu mwenye mwandiko mzuri na subira ndefu. Mareike alikaa pale mwaka mzima na miezi miwili. Alichuma kahawa nao. Alijifunza kuponda mukimo wa viazi na mahindi mpaka Mama Ireri, mke wa Ndwiga, akaacha kuuponda upya Mareike akigeuka. Gikunda alikodishwa kuunganisha mabomba ya vipimo vyake, kazi ya wiki mbili, ikachukua miezi mitano, na mabomba hayakuwa na shida yoyote.

Walipokubaliana kuoana, Gikunda alikwenda kwao Meru, upande wa Maua, akamwambia baba yake. Mzee Kailemia hakuuliza rangi, hakuuliza dini. Aliuliza swali moja tu.

"Ncoolo tutaipeleka kwa nani?"

Ncoolo ni kile kitita cha miraa kilichochaguliwa kijiti kwa kijiti na kufungwa kwa majani ya mgomba, ambacho Mmeru hupeleka kwa baba wa msichana. Kikipokelewa, mambo yameanza. Kisipopokelewa, rudi nyumbani. Hakuna ncoolo inayotumwa kwa posta, na baba mzazi wa Mareike alikuwa mgonjwa wa moyo, hawezi kupanda ndege.

"Baba, yeye kwao ni mbali."

"Ndiyo nakuuliza. Msichana asiye na mlango wa kubishwa hodi ni mtu wa barabarani. Mimi siwezi kumtoa mke wa mwanangu barabarani."

Ndwiga aliposikia hayo alicheka kwanza, kisha akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliwaita ndugu zake wa ukoo, akachinja mbuzi, akakata ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi huyo, akamvisha Mareike mkononi. Mbele ya watu arobaini akasema kwamba tangu siku hiyo huyu ni binti wa nyumba hii, na jina lake ni Ciakuthii, jina la mama yake Ndwiga aliyekuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Wiki tatu baadaye watu wa Kailemia walifika Manyatta na ncoolo, pamoja na asali, maana Waembu waliwatania kwamba miraa ni majani tu na wao wanataka kitu cha kulamba. Ndwiga akaipokea kwa mikono miwili. Ndipo bwana na bibi wakaenda kwa msajili wa ndoa, wakaandikwa kwa majina ya pasipoti.

Na kule Meru, Kailemia alipiga marufuku. "Atakayemwita mke wa mwanangu mzungu," alisema siku ile walipomleta, "achukue kiti chake akakikalie kule barabarani. Huyu ni Ciakuthii wa Ndwiga, wa Manyatta." Watu wakaitika. Hata watoto wakaacha. Kijiji kizima kilijifunza heshima kwa siku moja. Ni vijiji vingapi, ni miji mingapi yenye taa na vyuo, inayoweza kusema hivyo?

Sasa pale saiba, Gikunda alimpigia dada yake, Kajuju, aliyebaki nyumbani na wazazi.

"Kajuju, kuna mtu alikuja huko kuuliza habari zangu?"

"Eeh, mwezi jana. Dada mmoja msafi, ana viatu vya Nairobi. Nikampa chai."

"Alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama umeoa. Nikamwambia umeoa vizuri sana. Akauliza umeoa nani. Nikamwambia Ciakuthii wa Ndwiga, wa kule Manyatta. Akaandika. Halafu akauliza, hakuna mzungu ameolewa hapa? Nikamwambia, hapa hakuna mzungu."

"Kajuju!"

"Sasa kelele za nini? Si ndivyo baba alivyosema? Hata Shueib wa dukani alimwambia hivyo hivyo, tena akamwapia wallahi. Sisi tulikuwa tunakupamba!"

Gikunda aliweka simu mezani. Cicily, aliyekuwa amesikia yote, alitafuta kitu kwenye faili, akakivuta kwa kidole kimoja kana kwamba ni cha moto. Ilikuwa barua ya chifu wa Manyatta, waliyoipeleka ubalozini pamoja na nyaraka nyingine miezi minne nyuma. Ilithibitisha kwamba Gikunda Kailemia amemwoa kimila Ciakuthii, binti wa Ndwiga Njagi.

"Na hii," Cicily akasema polepole, "ni mimi niliyekwambia uiweke. Nilisema weka kila kitu, ushahidi hauozi. Sikuisoma. Niliona tu muhuri."

Kwenye cheti cha serikali kulikuwa na Mareike, baba yake wa Ulaya. Kwenye barua ya chifu kulikuwa na Ciakuthii, baba yake Ndwiga. Wanawake wawili, baba wawili, mume mmoja. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha ofisi asiyeujua ukanda ule wa ngozi angefikiri nini kingine?

Simu ikalia. Alikuwa Mareike. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba na nusu, na tangu arudi kwao kujifungulia karibu na baba yake mgonjwa, alipiga kila siku saa hiyo hiyo. Kiswahili chake alikipata Manyatta, na alikisema kama watu wa Manyatta.

"Gikunda, watu ya ofisi wamenipigia. Wamesema pole sana mama, bwana yako iko na bibi ingine huko."

"Mareike, ngoja nikueleze."

"Nimeuliza anaitwa nani." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, naye Gikunda hakujua kama ni kicheko au kilio. "Anaitwa mimi! Nimewaambia huyo ni mimi. Wamesema hapana mama, wewe ni Mareike. Sasa nimechoka. Mtoto atazaliwa mwezi wa tano. Utakuwa hapa ama hautakuwa hapa?"

"Nitakuwa."

"Usiseme kama haujui."

Gikunda aliitazama tena tarehe ya barua, maana hakujua.

Simu ilipokatika, Cicily alikuwa tayari ameshapata dawa. Watu wa fomu hawakosi dawa. "Sikiliza. Ukiwaeleza habari za mbuzi na ngozi, watasema unatunga hadithi. Watu wa viza hawataki hadithi, wanataka kisanduku kijazwe. Huyo mzee Ndwiga aje kwa wakili, aape kwamba hana binti anayeitwa Ciakuthii. Basi. Ciakuthii akifa kwenye karatasi, unabaki na mke mmoja."

"Akifa?"

"Kwenye karatasi, nimesema. Na hii hapa," akainua fomu iliyokuja na barua, ya maelezo ya familia, yenye namba nyekundu juu, "ni moja tu, haitolewi nakala. Nitakaa nayo mimi. Wewe utaimwagia chai."

Alasiri hiyo Gikunda alipanda Manyatta akiwa na sukari kilo mbili na mkate, maana hakuna anayekwenda ukweni mikono mitupu, hata akiwa na shida. Njiani alijiambia kwamba ni jambo dogo. Mzee ni mtu wa maandishi, alikuwa karani. Ataelewa kwamba karatasi ni karatasi.

Alimkuta Ndwiga chini ya mibuni akipogoa. Mama Ireri alikuwa karibu, akikusanya matawi. Gikunda alisalimu, akazungukazunguka, akauliza habari za mvua, mwishowe akasema alichotumwa. Mkasi wa mzee ukasimama.

"Rudia, muthoni," akasema Ndwiga. Muthoni ni mkwe, na Ndwiga hakuwahi kumwita hivyo isipokuwa mambo yakiwa mazito. Siku nyingine zote humwita mwanangu.

"Useme tu mbele ya wakili kwamba huna binti anayeitwa Ciakuthii. Ni karatasi tu, baba."

"Hakuna kitu kinachoitwa karatasi tu. Ingekuwa karatasi tu, ungekuwa umeshapanda ndege."

"Baba, mimi najua ni binti yako. Wewe unajua. Hata Mungu anajua. Ni hao wa ubalozi wasiojua."

"Basi tuwaambie wanaojua kwamba hatujui, ili wasiojua wafurahi?"

Mama Ireri alitupa matawi chini, akaja akasimama kando ya mumewe. Kwa kawaida hamkaribii mkwe wake hivyo, ni adabu yao, lakini siku hiyo adabu ilikaa kando.

"Kijana, umenielezea mwenyewe kwamba yule mtoto ana mimba," akasema. "Mama yangu hakuwahi hata kumwambia mwenye mimba 'toka hapa', achilia mbali kumwapia kwamba hayuko. Unataka huyu mzee ainue mkono aseme Ciakuthii hayupo? Na aliye tumboni mwake yuko kwa nani?"

"Mama, si laana. Ni mambo ya ofisi."

"Laana ikivaa tai inakuwa mambo ya ofisi?"

Ndwiga alifuta mkasi kwa suruali. Alizungumza kwa utulivu, na utulivu huo ulimtisha Gikunda kuliko ukali wa mama. "Na kuna la pili, ambalo huyo mwenye saiba hakulifikiria. Nikiapa kwamba sina binti huyo, ile ncoolo ya baba yako ilipokelewa na nani? Asali ililambwa na nani? Watu arobaini walikuja hapa kuona nini? Utakuwa umeoa barabarani, kama baba yako alivyoogopa. Unataka kuwaonyesha kwamba una mke mmoja. Mimi nikitia hiyo sahihi, hapa nyumbani utabaki na sufuri."

Hapo ndipo kichwa cha Gikunda kilipofungana kama uzi wa sweta mdomoni mwa mbuzi. Kumbe kuthibitisha kwamba ameoa, lazima aape kwamba hakuoa. Kule Ulaya mke anatakiwa awe na baba mmoja, aandikwe, apigwe muhuri. Huku haolewi mtu asiye na baba, na aliye mbali na baba yake hupewa mwingine, bila kunyang'anywa wa kwanza. Ni ipi kati ya sheria hizi mbili iliyo ya kishenzi? Niambie. Ile inayomwongezea mgeni baba, au ile inayomuuliza mtu kwa nini anapendwa na wengi mno?

Lakini hasira haijazi fomu. Gikunda alikaa kwenye jiwe mpaka baridi ya mlima ikashuka. Akili yake ilikwenda huku na huku. Mara alimwona Mareike peke yake hospitalini, akiulizwa baba wa mtoto yuko wapi. Mara alimwona Ndwiga mbele ya wakili, mkono juu, akimzika mama yake mara ya pili. Akajaribu kumchukia Kajuju, akashindwa. Akajaribu kumchukia Cicily, akakumbuka kwamba ndiye pekee aliyekuwa na dawa, hata kama dawa yenyewe ni sumu. Akampigia Kailemia, naye Kailemia akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani huko hawana wazee?" akakata simu.

Walimpa chumba cha Ireri, kijana wao aliyehamia Mwea. Kabla hajalala alisema jambo moja tu kwa mzee, akiwa mlangoni. "Baba, nisipokwenda, nitakuwa nimempoteza yeye. Nikikulazimisha, nitakuwa nimekupoteza wewe. Sijui."

"Hata mimi sijui," akasema Ndwiga. "Lala."

Asubuhi iliyofuata Gikunda aliamka akakuta nyumba kimya. Uji ulikuwa umefunikwa kwa sahani mezani. Nje, ng'ombe walikuwa wamekwisha kukamuliwa. Mzee hayupo. Mama Ireri hayupo. Jirani akamwambia amewaona wakipanda bodaboda moja, wote wawili, mzee akiwa amevaa koti lake la kanisani, wakielekea mjini.

Kwa wakili, akafikiri. Amekubali. Badala ya kufurahi, alihisi kama mtu aliyeiba kuku wa yatima. Akashuka mjini mbio, akapita kwa wakili, akakuta mlango umefungwa. Akakimbilia saiba.

Ndwiga alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha plastiki, koti limefungwa vifungo vyote. Mama Ireri alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba wake mikononi. Mbele yao, juu ya meza, ilikuwepo ile fomu yenye namba nyekundu, na Cicily alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kama mtu anayezuia mtoto asiingie motoni.

"Mzee, nimekuonyesha uione tu! Hiyo haiandikwi hivyo! Ni moja tu, haina nyingine!"

"Cicily," akasema Ndwiga, "mimi nimejaza vitabu vya kiwanda miaka thelathini na moja. Nimeisoma hii yote. Hapa wanauliza baba wa mke, na wameweka kisanduku kimoja. Hawakukosea kwa ubaya. Nafasi iliwaishia."

Akatoa rula ya mbao kwenye mfuko wa ndani wa koti, ile ya kazini, iliyochakaa pembe. Akailaza kando ya kisanduku. Gikunda, mlangoni, alipiga hatua moja ndani, akawa amechelewa. Mzee akapiga mstari wa juu, wa chini, wa kushoto, wa kulia. Kisanduku cha pili kilisimama karibu na cha kwanza, sawasawa kwa ukubwa, nadhifu kuliko kile kilichochapwa na mashine. Ndani yake akaandika kwa mwandiko wake uliolala kidogo: Ndwiga Njagi, Manyatta, baba wa huku. Na katika nafasi tupu chini ya ukurasa akaongeza, bila kuinua kalamu: Ciakuthii na Mareike ni mtu mmoja. Nilimpa jina mimi mwenyewe. Anayetaka kuuliza aje nyumbani, tutamchinjia.

Cicily aliketi. Alimtazama Gikunda, macho yake yakiuliza kile ambacho Gikunda mwenyewe alikuwa akijiuliza: tumepona au tumekwisha?

"Zimebaki siku tatu," akasema. "Wataitupa. Au hawataitupa. Mimi sijawahi kuona kitu kama hiki. Nifanye nini?"

Gikunda alivuta bahasha ya kaki kutoka kwenye rundo, akaifungua mdomo, akaishika hivyo mkononi. Mama Ireri akainama juu ya meza, akaanza kuupuliza wino taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto.